Mpeni Bata Maji

Mtaani kwetu hakuna anayejua kulea mtoto kama mimi. Muulize yeyote. Ila usimuulize binti yangu, maana ndiye niliyemlea, na ana mengi ya kusema. Majirani nao waache, wana kazi zao. Wewe niamini tu, tuendelee.

Ninakaa na binti yangu na mume wake. Mkwe wangu ni mwokaji mikate. Nyuma ni vyumba vya kulala, mbele ni duka la mikate na tanuri lake. Ukuta wa tanuri ndio ukuta wa chumba changu. Watu wengine wakisikia baridi hujifunika blanketi. Mimi huegemea ukuta.

Asubuhi zetu zinafanana. Mkwe anakanda unga. Anakata madonge, anayapanga kwenye bati, kisha anayafunika kwa kitambaa kilicholowa maji, yasikauke juu wakati yanaumuka. Binti yangu anapanga mikate iliyoiva na kuuza. Mimi kazi yangu ni kukaa mlangoni na kuwaambia wateja kwamba mkate wa leo ni mtamu kuliko wa jana. Jana nilisema hivyo hivyo.

Mkwe wangu ni mtu mzuri. Tatizo lake ni moja: kila kitu duniani anakielewa kwa unga. Mawingu yakijaa anasema yameumuka. Mtu akikasirika anasema amezidishiwa hamira. Siku aliyokuja kumposa binti yangu alinikazia macho akasema, "Mama, binti yako ni unga wa daraja la kwanza." Sijawahi kusikia posa ya namna hiyo. Nilicheka mpaka nikamkubali.

Walipata mtoto mmoja wa kiume. Sisi tunamwita Bata, kwa sababu akiona maji anasahau watu wote.

Tangu akiwa mchanga, Bata alikuwa na mambo yake. Alipata homa bila sababu. Alitapika maziwa. Choo chake kilikuwa kigumu. Hakunenepa. Watoto wa rika lake walikuwa na mashavu ya kubana, yeye alikuwa na macho tu. Tulimpeleka zahanati, tukapewa dawa za homa. Homa ikaenda, ikarudi.

Alipoanza kutembea, tukaona jambo jingine. Alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Ukimpa maziwa, anasukuma kikombe. Ukimpa uji, anageuza shingo. Ukimpa maji, anashika kikombe kwa mikono miwili, anakunywa mpaka anapumua kwa kelele. Halafu analilia mengine. Siku moja nilimkuta amechutama kwenye ndoo ya kudekia, anachota kwa kiganja.

"Bata wewe! Hayo ni ya sakafu!"

Akanitazama, akachota tena.

Na mkojo je? Usiniulize. Nepi ilikuwa inalowa kabla hujamaliza kuifunga. Mkojo wenyewe ulikuwa mweupe kama maji ya bomba. Hauna rangi, hauna harufu. Kamba ya nguo ilijaa nepi, jua likichomoza linakuta nepi, likizama linaacha nepi. Jirani mmoja aliniuliza kama tumefungua kituo cha kulelea watoto.

Binti yangu alichoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mume wangu, huyu mtoto anakunywa sana," alisema siku moja akikamua nepi. "Ndiyo maana anakojoa hivi."

Mkwe alikuwa mbele ya meza yake, mikono imezama kwenye unga. Akafikiri. Nikajua tu, unga unakuja.

"Sikilizeni," akasema. "Donge likiwa chepechepe, halishiki. Halisimami. Unaliweka kwenye bati, linatambaa. Kosa linakuwa nini?"

"Maji," binti akajibu.

"Maji yamezidi! Unapunguza maji, donge linashika. Bata naye ni vivyo hivyo. Hanenepi kwa sababu yuko chepechepe. Tumpimie maji. Mwili utashika."

Akaona amesema jambo kubwa. Hata mimi niliitikia kwa kichwa, kwa sababu ya jinsi alivyolisema. Mtu anayepima maji ya unga kila siku asikosee, nani atambishia habari za maji?

Basi akachukua kile kikombe chake cha bati anachopimia maji ya mikate. Akaweka alama kwa msumari. "Hapa asubuhi. Hapa mchana. Hapa jioni. Basi."

Bata alilia. Tukambembeleza kwa nyimbo. Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Mama yake alikuwa anageukia ukutani asimwone. Lakini sote tuliamini tunamsaidia.

Jambo la ajabu ni hili: mkojo haukupungua. Maji tulipunguza, nepi zikaendelea kulowa. Mkwe akasema, "Ni maji ya zamani yanatoka. Mpeni muda."

Halafu siku moja asubuhi, Bata akawa kimya.

Mwanzoni tulifurahi. Mama yake akasema, "Ameanza kuzoea." Mkwe alikuwa anatoa mikate tanurini. Mimi nilikuwa mlangoni na kazi yangu ya kusifu mikate. Jirani yetu Sista akaingia kununua mkate wake wa asubuhi. Huyu Sista ni muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali kubwa. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anatembea haraka kama anafukuzwa.

"Bibi, mkate wa leo vipi?"

"Ah, Sista! Wa leo ni mtamu kuliko wa jana."

"Na wa jana ulisema mtamu kuliko wa juzi. Mwaka ujao si tutakula asali?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumkomesha, nikaona ameacha kucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza ya madonge.

Bata alikuwa amekaa pale sakafuni. Alikuwa amevuta ncha ya kile kitambaa kilicholowa, cha kufunikia madonge. Ameitia mdomoni. Anainyonya. Anainyonya kwa nguvu zake zote, amefumba macho, kama mtoto anyonyaye kwa mama yake.

Mkwe alibaki ameshika trei ya moto kwa kitambaa, hajui aiweke wapi.

Sista akapiga magoti. Akamchukua Bata, naye akalia kwa sauti iliyokwaruza. Akamvuta ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia. Ngozi ikarudi polepole. Akamgusa mdomo ndani.

"Mdomo umekauka. Macho yameingia ndani. Analia lakini hana machozi. Ana joto. Amehara? Ametapika?"

"Hapana, Sista," binti akasema.

Sista akagusa nepi. "Imelowa."

"Imelowa, nimetoka kumbadilisha sasa hivi."

"Sasa hivi?" Sista akaifungua, akaitazama. "Huu mkojo ni mweupe kabisa. Mama Bata, nisikilize. Mtoto aliyekaukiwa maji huwa hakojoi. Au anakojoa kidogo, mkojo wa njano, mzito. Huyu amekaukiwa, na bado anamwaga maji. Hapo kuna kitu. Mnampa maji kiasi gani?"

Mkwe akaonyesha kile kikombe kwa kidole. Alama za msumari zilikuwa zinaonekana.

"Leteni maji," Sista akasema. "Anywe kidogo kidogo, tukiwa njiani. Twendeni hospitali. Sasa hivi."

"Na mikate?" nikauliza. Mdomo wangu huu, siku nyingine sijui unafanya kazi kwa nani.

Mkwe akaiweka trei chini, akazima tanuri, akafunga duka, madonge yakiumuka ndani. Tulipokuja kufungua baadaye, unga ulikuwa umetoka kwenye mabati, umeteremka kwenye meza. Hakuna aliyeujali.

Hospitali walimpokea haraka. Wakampima damu. Chumvi ya kwenye damu ilikuwa imepanda sana, kwa sababu maji yalikuwa yamepungua. Daktari alisema kama tungechelewa, ubongo wa Bata ungeweza kuumia, au tungempoteza. Aliyasema hayo taratibu, lakini mimi niliyasikia kama mtu ameangusha sufuria. Wakamrudishia maji polepole, kwa kipimo chao, maana kuyarudisha kwa pupa nako kuna hatari.

Wakapima sukari. Hana. Wakapima mkojo. Mwepesi kama maji. Kisha wakampa dawa fulani, wakaupima mkojo tena. Bado mwepesi kama maji. Daktari wa watoto akatikisa kichwa, akaandika jina refu: diabetisi insipidasi ya figo.

"Diabetisi!" binti akashika kichwa. "Si wamesema hana sukari?"

Sista alikuwa zamuni. Akaja, akakaa nasi kwenye benchi, akavua viatu kidogo apumzishe miguu.

"Hana sukari, wala hatakuwa nayo kwa sababu ya hili," akasema. "Majina yanafanana tu, kwa kuwa wagonjwa wote wawili wanakunywa sana na kukojoa sana. Huu ni ugonjwa mwingine. Ni wa maji. Baba Bata, wewe una chekecheke ya unga?"

Mkwe aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona amepata nguvu. Ameulizwa habari za unga.

"Ninayo."

"Basi figo ni kama chekecheke. Tunazo mbili, huku mgongoni. Damu inapita humo, figo zinachuja. Uchafu unatoka. Lakini maji mengi yanayochujwa hayatakiwi kutoka. Yanatakiwa kurudi mwilini. Sasa nani anaziambia figo zirudishe maji?"

"Daktari," nikasema.

"Bibi, tulia. Ni ubongo. Ubongo ukiona maji mwilini yamepungua, unatuma mjumbe. Mjumbe huyo anaitwa vasopresini. Anasafiri ndani ya damu mpaka kwenye figo. Anafika, anabonyeza kengele. Figo zikisikia kengele, zinafungua vijilango vidogo vidogo. Maji yanapita hapo, yanarudi kwenye damu. Mkojo unabaki kidogo, wa njano. Ndivyo ilivyo kwangu na kwako."

"Na kwa Bata?" binti akauliza.

"Kwa Bata ubongo ni mzima. Unatuma mjumbe. Mjumbe anafika. Anabonyeza kengele. Kengele ni mbovu. Figo hazisikii. Vijilango havifunguki. Maji yote yanapita moja kwa moja mpaka kwenye nepi."

Mkwe akafikiri. "Basi tutume wajumbe wengi! Wabonyeze wote kwa pamoja."

"Ndivyo alivyofanya daktari. Ile dawa aliyopewa ni kama mjumbe. Tumemtuma, akabonyeza. Mkojo haukubadilika hata kidogo. Ndipo tukajua kwamba mjumbe hana kosa. Wapo watoto wengine ambao ubongo wao hautumi mjumbe. Hao ukiwapa ile dawa wanapona kiu. Bata si wa kundi hilo. Yake ni kengele."

"Kama marehemu mume wangu," nikasema. "Ungeweza kumtumia wajumbe kumi aje kula. Yuko kwenye bao, hasikii."

Sista akacheka mpaka akashika mbavu. Hata binti akatabasamu. Mkwe hakucheka.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "alikuwa anakunywa sana kwa sababu anakojoa sana. Si kwamba anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana."

"Umelishika."

"Nami nikamnyima."

Akainama. Mabega yake yakaanza kucheza. Nywele zake zilikuwa na unga wa asubuhi bado. Mama mkwe na mkwe wana heshima yao, hawashikanishikani ovyo. Siku ile niliiweka kando. Nilimfuta unga kichwani kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka akatulia.

"Ulimnyima kwa kumpenda," nikamwambia. "Sasa mpe kwa kumpenda. Mikono ni ile ile."

Sista akavaa viatu vyake. "Na hakuna aliyemroga, wala hamkumlisha kitu kibaya. Amezaliwa nao. Mara nyingi unapita kwa mama, unampata mtoto wa kiume. Mama mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa, asijue." Akamwona binti ameshtuka. "Usijilaumu, mdogo wangu. Rangi ya macho yako nayo ulimpa bila kumwuliza. Ukitaka mtoto mwingine, njoo kwanza tuzungumze na daktari."

Siku za baadaye Bata akaanza kuchangamka. Daktari akatuita kutupa dawa za kwenda nazo nyumbani. Nikaichukua paketi, nikaisoma. Kusoma najua, hata kama polepole. Nikashtuka. Dawa ile naijua. Rafiki yangu mmoja anaimeza kwa ajili ya presha. Ni dawa ya kukojoza!

Nikamfuata Sista kwenye korido.

"Sista, njoo huku pembeni. Sitaki kumwaibisha daktari. Amekosea dawa."

"Amekosea nini?"

"Mtoto anakojoa mto mzima, nyinyi mnampa dawa ya kukojoza. Mnataka atoe bahari?"

Nilidhani atanishukuru. Alicheka mpaka mgonjwa mmoja akachungulia.

"Bibi, kila mtu anauliza hilo, hata wanafunzi wa udaktari. Dawa hii inatoa chumvi mwilini. Chumvi ikipungua, figo zinakuwa na uroho. Zinanyakua chumvi na maji mapema, huku juu, kabla maji hayajafika kwenye vile vijilango vilivyogoma. Yanayofika kule chini yanakuwa machache. Kwa hiyo mkojo unapungua. Haukomi, lakini unapungua."

"Kwa hiyo dawa ya kukojoza inapunguza kukojoa."

"Kwa ugonjwa huu, ndiyo. Lakini kwa kipimo cha daktari tu, na kupimwa damu mara kwa mara. Usije ukamgawia mtu mwingine."

"Mimi? Namgawia nani?"

"Bibi, nakujua."

Kabla hatujaondoka akatukalisha tena. Alituambia maji yasikatike. Bata ajinywee kila anapotaka, na kabla hajajua kuomba vizuri, apelekewe. Chumvi kwenye chakula chake iwe kidogo sana, kwa sababu chumvi inapotoka kwenye figo inaondoka na maji. Lakini maji yasimfukuze chakula: ale, anywe maziwa, akue. Akipata homa, au akitapika, au akihara, tusikae nyumbani kumsubiri apone.

"Mnamleta mbio," akasema. "Na jambo la kwanza kusema mlangoni ni jina la ugonjwa wake. Kabla hajawekewa dripu yoyote. Si kila dripu inamfaa. Nyingine ina chumvi nyingi kwake."

Binti yangu alilirudia lile jina kama mtoto anayekariri, njia nzima mpaka nyumbani.

Mambo yakabadilika. Kila mahali ambapo Bata anafika kwa urefu wake, pana chupa ya maji. Moja iko mlangoni kwangu. Moja iko kando ya kitanda. Shuleni kwa watoto wadogo, mwalimu ameelezwa: Bata akiomba maji apewe, akiomba kutoka atoke, bila kusubiri kengele. Dawa anameza. Nepi zilipungua, na kamba ya nguo ikaanza kuona nguo nyingine.

Mkwe alifanya kazi kubwa kuliko wote. Mkate ni chumvi, kama hukujua. Alijaribu mkate wa chumvi kidogo. Wa kwanza haukuwa na ladha. Wa pili uliumuka kama kichaa, kwa maana chumvi ndiyo inayoituliza hamira. Akapunguza hamira, akaongeza muda. Mwisho akapata mkate mdogo wa mviringo, Bata anaula na ndizi. Sasa wateja wenye presha wanauulizia. Mimi nawaambia ni mtamu kuliko wa jana.

Na mashavu! Bata sasa ana mashavu. Bado ni mwembamba kidogo, bado anakunywa kuliko sisi sote, na kengele yake haijatengenezwa. Lakini anakimbia, anacheka, anapanda juu ya magunia ya unga na kushuka unga umemjaa kichwani.

Juzi akaja dukani mwanamke mmoja amebeba mtoto. Mtoto alikuwa analia, ananyoosha mkono kwenye chupa ya Bata. Yule mwanamke akauvuta mkono wake.

"Samahani," akamwambia mkwe. "Nasikia mtoto wenu naye alikuwa na kiu hivi. Wa kwangu anakunywa, anakojoa, hanenepi. Nimeanza kumpunguzia maji. Sijui ninafanya sawa?"

Mkwe akaacha kukanda. "Usimpunguzie! Mpe anywe, kisha mpeleke hospitali leo hii, wampime. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kitu kingine. Wao watajua. Lakini maji usimnyime."

Alisema vizuri sana. Nilijisikia fahari. Angeishia hapo tungekuwa sawa.

"Nyinyi hamkuwahi kumnyima?" yule mwanamke akauliza, uso umejaa aibu.

Mkwe akanyoosha mgongo. Akapanguza mikono kwenye aproni.

"Sisi? Hata tone! Mimi niliona tangu siku ya kwanza kwamba tatizo ni figo. Nikawaambia hawa: mpeni Bata maji. Muulize mama mkwe wangu, yule pale mlangoni."

Wote wawili wakanigeukia. Nikafumba macho, nikakoroma kidogo.

"Siku ya kwanza ipi hiyo, mume wangu?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake na trei ya mikate ya moto. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mkwe akageuka, masikio yamekuwa mekundu kama mkaa wa tanuri. Yule mwanamke akatazama huku, akatazama huku.

"Mwambie ulivyofanya, baba Bata," binti akasema, kwa sauti ya upole kabisa. "Tazama anavyoona aibu. Anadhani ni yeye peke yake."

Mkwe akainamia unga wake, akaanza kuukanda kwa nguvu, ule ule ambao alikuwa ameshamaliza kuukanda.